Kualika Wageni Chakula cha Jioni: Desturi za Waafrika Mashariki wa Dallas na Houston

Katika familia za Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Dallas, Fort Worth na Houston, mgeni wa chakula cha jioni hualikwa siku kadhaa kabla. Kule walikotoka, jirani hupiga hodi wakati wa kula na akakaribishwa mezani. Texas hodi ya namna hiyo ni nadra, kwani mwenye nyumba huenda yuko kazini au amelala baada ya kukesha. Wengi wameajiriwa hospitalini, katika nyumba za kutunzia wazee na kwenye maghala, kwa zamu zinazodumu hata saa 12. Ndiyo maana mwaliko huanza kwa swali: "Dada, Jumamosi umepangwa kazi?" Kuuliza hivyo ni heshima, wala si kujihami.

Umbali nao huzingatiwa. Kutoka Katy hadi Humble, vitongoji viwili vya Houston, ni zaidi ya kilomita 60. Anayetoka Dallas kwenda Houston husafiri kilomita 385 hivi, na mwaliko wake wa chakula huwa pia mwaliko wa kulala.

Mwenyeji makini hutuma anwani pamoja na namba ya kufungulia geti la apatimenti, kisha humweleza mgeni mahali pa kuegesha gari. Jambo hili si dogo. Gari lililoachwa kwenye nafasi ya mpangaji mwingine huweza kuvutwa usiku huohuo, na mgeni aliyekuja kula pilau hurudi kwake na deni la kulikomboa. Lawama humwangukia mwenyeji ambaye hakusema.

Kabla ya kununua nyama, mwenyeji huulizia miiko. Waislamu hutaka nyama iliyochinjwa kihalali, na kwa bahati nzuri Dallas na Houston kuna mabucha ya halali yenye nyama ya mbuzi. Wasabato hawali nguruwe. Vyakula vingine hupatikana kwa kubadilisha: wapo wanaosonga ugali kwa Maseca, unga wa Kimeksiko wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ingawa ladha yake wazee huitambua kwa tonge la kwanza. Sukuma wiki haina shida, maana mboga inayopendwa na watu wa Kusini mwa Marekani ni ya jamii hiyohiyo. Kisamvu, ambacho Wakongo hukiita sombe, hununuliwa kikiwa kimetwangwa na kugandishwa.

Mgeni haji mikono mitupu. Soda, matunda au keki vinatosha. Desturi ya Kimarekani ya kila mtu kuja na chakula chake imekubalika katika mikusanyiko ya jumuiya na ya kanisa, lakini mwaliko wa nyumbani ni mzigo wa mwenyeji, na wengi huona vibaya kumgawia mgeni kazi ya kupika.

Mlangoni viatu huvuliwa. Watoto huitwa kutoka vyumbani, simu zikawekwa chini, wakaamkia: shikamoo kwa Watanzania, mkono na habari kwa wengine. Baadhi ya wazazi hushikilia desturi hii kuliko zote, kwa kuwa shuleni watoto hawafundishwi. Sinki lipo hatua chache tu, lakini nyumba nyingine bado humtuma kijana na birika na bakuli awanawishe wazee palepale walipoketi.

Baada ya dua au sala, mgeni na wazee hupakuliwa kwanza. Kukataa nyongeza mara ya kwanza ni adabu; mwenyeji husema "Ongeza kidogo, shemeji," na mgeni huongeza. Akishiba kweli, hubakiza kidogo sahanini na kushukuru kwa sauti inayofika jikoni.

Wakati wa kuondoka, chakula hufungwa kwenye karatasi ya alumini, hasa kwa anayeingia zamu ya usiku. Mwenyeji humsindikiza mgeni hadi garini, na mazungumzo ya pale huweza kuchukua nusu saa nyingine. Mgeni akifika kwake hutuma ujumbe kwamba amefika salama. Zamu zikiruhusu, yeye naye hualika.