Ukali wa Mbwa Wadogo: Mfano wa Chihuahua

Chihuahua ni mbwa mdogo wa kufugwa nyumbani, mwenye asili ya Meksiko, ambaye kwa kawaida uzito wake hauzidi kilo 3. Watu wengi hudhani kuwa ukali wake ni wa kuzaliwa tu. Urithi una nafasi yake, lakini mara nyingi chanzo ni hofu: kwa mnyama mdogo kiasi hicho, mkono unaomshukia kutoka juu ni tishio.

Malezi huongeza au hupunguza hofu hiyo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa huzoea watu, sauti na wanyama wengine. Anayefungiwa ndani muda huo huelekea kukua akiwa mwoga. Maumivu nayo huchangia, hasa ya meno na ya pia ya goti inayoteguka, maradhi ya kawaida kwa mbwa hawa. Kwa hiyo mbwa mpole anayeanza kuuma ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kabla ya kuuma, mbwa hutoa ishara: hukakamaa, hulaza masikio, hulamba midomo au hunguruma. Anayepigwa kwa sababu ya kunguruma huweza kujifunza kuuma bila kuonya.

Udogo wa jeraha usimdanganye mtu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza, huua karibu kila mgonjwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.