MUZIKI: Jinsi Misfits walivyoliingiza zimwi katika panki, kisha wakagombea fuvu

ALBAMU yenye nyimbo 13 na isiyofikisha nusu saa, iliyotolewa nchini Marekani mnamo Machi 1982, ndiyo iliyoupa muziki wa panki sura mpya kwa kuuoanisha na vitisho vya sinema: mizuka, maiti walio hai na viumbe kutoka sayari za mbali.

Albamu hiyo, Walk Among Us, ni kazi ya bendi ya Misfits iliyoundwa mnamo 1977 mjini Lodi, katika jimbo la New Jersey.

Miaka mingi baadaye, jina la bendi hiyo na picha ya fuvu inayoitambulisha viligeuka mali yenye thamani kubwa, na waasisi wake wakaishia kuburutana mahakamani.

Panki ilishika kasi katikati ya miaka ya sabini, hasa katika miji ya New York na London. Vijana waliochoshwa na nyimbo ndefu zilizohitaji ustadi mwingi na studio za gharama waliamua kupiga gitaa kwa haraka, kwa makelele na kwa maneno machache. Nyimbo zao nyingi zililalamikia ukosefu wa kazi, utawala na maisha duni.

Misfits walifuata mkondo tofauti. Mwimbaji na mtunzi wao, Glenn Danzig, alichota maudhui yake katika filamu za kutisha za gharama nafuu za miaka ya hamsini na sitini.

Utamaduni huo wa vitisho una mizizi mirefu. Fasihi ya kigothiki ilianza Uingereza kwa riwaya ya Horace Walpole ya mwaka 1764, ikafuatwa na Frankenstein ya Mary Shelley mnamo 1818 na Dracula ya Bram Stoker mnamo 1897. Hollywood ilirithi mazimwi hayo, nao Misfits wakayarithi kutoka Hollywood.

Mathalani, wimbo mmoja katika albamu hiyo unaitwa Vampira, jina la mhusika aliyeonekana katika filamu ya Ed Wood, Plan 9 from Outer Space. Mwingine una jina la filamu ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead.

Hata hivyo, chini ya vitisho hivyo kulikuwa na utamu. Danzig aliimba kwa sauti nzito iliyowakumbusha wengi Elvis Presley, na viitikio viliundwa ili umati uimbe kwa pamoja. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wasikilizaji waliyafahamu mazimwi hayo tangu utotoni, hivyo hofu ikageuka mchezo.

Safari ya kufika hapo haikuwa rahisi. Danzig alikuwa ameanzisha lebo ndogo iliyoitwa Blank. Kampuni ya Mercury ilipolitaka jina hilo, alilibadilisha kwa saa 30 za kurekodi studioni.

Kutokana na saa hizo, mnamo Januari 1978 bendi ilirekodi albamu ya Static Age. Haikupata kampuni ya kuitoa, na albamu nzima haikufika sokoni hadi 1996. Ndiyo sababu Walk Among Us, iliyorekodiwa baadaye, ilitangulia kutoka.

Misfits walisambaratika Oktoba 1983. Umaarufu wao ulikua wakiwa hawapo tena, hasa baada ya Metallica kurekodi upya nyimbo zao mbili mnamo 1987.

Hapo ndipo suala la umiliki lilipochipuka. Baada ya mvutano wa kisheria, mwafaka ulimruhusu mpiga gitaa la besi, Jerry Only, kurekodi na kutumbuiza kwa jina la Misfits, ilhali haki ya kuuza bidhaa zenye nembo za bendi iligawanywa baina yake na Danzig. Mnamo 2014 Danzig alimshtaki tena kuhusu nembo hizo, lakini kesi ikatupiliwa mbali.

Kinaya ni kwamba fuvu lenyewe halikubuniwa na yeyote kati yao. Lilitokana na The Crimson Ghost, filamu ya mfululizo ya mwaka 1946. Nayo filamu ya Romero ilikuwa imegeuka mali ya umma nchini Marekani kwa sababu tangazo la hakimiliki liliachwa nje ilipobadilishwa jina.

Mnamo Septemba 2016 mahasimu hao walisimama tena jukwaani pamoja, mjini Denver na kisha Chicago, baada ya miaka 33. Kilichowatenganisha muda huo wote si muziki pekee bali pia swali ambalo kundi changa la wasanii huona haya kuuliza mapema: je, jina hili ni la nani? Jibu lake huwa rahisi kuandikwa kabla ya fedha kuingia.