Tabia njema imwongezee mtoto alama?

Singida. Shule zinapofungwa na ripoti kufika nyumbani, iwe Ikungi, Iramba au Manyoni, macho ya mzazi hukimbilia wastani na nafasi darasani. Kuna jedwali jingine ambalo wengi hulipita: tabia na mwenendo. Humo mwalimu hujaza herufi za bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi na uaminifu. Kwa kawaida herufi hizo haziingii kwenye wastani.

Je, ziingie? Swali hili si geni nchini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alikosoa uzito mkubwa uliopewa mitihani. Novemba 1974, Azimio la Musoma la TANU likasukuma mbele wazo hilo: kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vipimwe. Waliomaliza kidato cha sita walitakiwa kufanya kazi kwanza na kupata mapendekezo ya waliowasimamia, ndipo waende chuo kikuu.

Nia ilikuwa njema, ila tabia ni ngumu kuipima. Kwenye darasa lililojaa, mwalimu humjua mtundu na mpole, wengine huwakadiria.

Tena kinachoonekana uvivu huweza kuwa tatizo la afya. Anayesinzia saa nne asubuhi huenda ametembea mwendo mrefu bila kula. Asiyenakili ubaoni huenda haoni vizuri. Mwenye minyoo, kichocho au upungufu wa damu huchoka haraka. Binti anayekosa shule siku chache kila mwezi huenda hana taulo za kike. Kuwapunguzia alama ni kuwaadhibu kwa njaa na maradhi.

Upande wa pili, kumwongezea alama mtoto mtiifu asiyejua kugawanya ni kumficha mzazi ukweli hadi siku ya mtihani wa taifa.

Alama ya hesabu basi ibaki ya hesabu. Lakini jedwali la tabia lisomwe. Mzazi, ukikuta D kwenye bidii, weka fimbo chini, uliza: analala saa ngapi? Anakula nini kabla ya kutoka? Anasoma maandishi ya mbali? Ukiwa na shaka, mpeleke zahanati au kituo cha afya, kisha mwone mwalimu wa darasa. Herufi hiyo huenda ndiyo dalili ya kwanza uliyopewa.