Kadhafi wa angani: namna ndege ya kivita inavyokunywa mafuta bila kutua

Ukitoka Butembo kwenda Manguredjipa, njiani unapishana na vijana wa moto waliofunga bidoni za esanse nyuma, tatu, wakati mwingine ine, wanasukumana na matope. Kule kwenye mashimo wanangojewa kwa roho juu. Motopompe ikizimika, maji yanaanza kupanda, na wale walio chini hawana nafasi ya kubishana. PDG wa shimo anaijua hesabu yake: esanse iliyobaki ni litre ngapi, moto imefika wapi, na kama moto haifiki, ni saa gani ya kutoa watu.

Rubani wa ndege ya kivita anafanya hesabu ile ile. Tofauti ni kwamba yeye bidoni inamfuata akiwa juu, kilometa 6 ao 7 kutoka ardhini, na ndege zote mbili ziko zinakimbia zaidi ya kilometa 500 kwa saa. Na hii si hadithi ya Ulaya na Marekani peke yake. Ilifanyika kwa ajili ya anga la jirani zetu wa Ituri, mwaka 2003.

Wale waliokuwa Beni, Oicha ao Eringeti mwezi wa tano mwaka ule hawajasahau. Watu kwa maelfu walishuka kutoka Bunia kwa miguu, magodoro kichwani, watoto mgongoni, wakikimbia vita. Tarehe 30 ya mwezi ule, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484. Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi kilichoitwa Artemis, Ufaransa mbele, Jenerali Jean-Paul Thonier akiongoza pale Bunia. Kilikaa mpaka tarehe 1 mwezi wa tisa, kisha kikaachia MONUC kazi.

Magari na waaskari, watu wanayakumbuka. Lakini ile ndege iliyopita juu na kelele ya kupasua masikio, ilitoka wapi? Haikutoka Bunia. Pisti ya Bunia ilikuwa mbovu, na kila ndege ya mizigo iliyotua ilizidi kuiharibu, mafundi wa jeshi wakawa wanaitengeneza bila kupumzika. Kituo kikubwa cha mizigo kilikuwa Entebbe, Uganda. Na zile Mirage za Kifaransa zilikuwa na makao yao N'Djamena, kule Chad.

Pima sasa. N'Djamena mpaka Bunia, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 2.000. Ni mbali kuliko Butembo na Kinshasa. Mirage 2000 inabeba ndani ya mwili wake karibu litre 4.000 za kerozeni, yaani bidoni 200 za litre 20. Inaonekana mingi, lakini injini ya ndege ya kivita inakunywa kama mchanga, zaidi ikishuka chini na kuongeza mwendo. Hata ukiifungia matangi ya nje, kwenda, kuzunguka juu ya Ituri na kurudi Chad haiwezekani kwa mafuta ya kuondokea. Basi pamoja nazo iliruka ndege nyingine kubwa, C-135FR, inayobeba zaidi ya tani 80 za mafuta. Ufaransa ilinunua 12 za namna hiyo kutoka kwa Boeing miaka ya 1960, zifuatane na ndege zake za bomu la atomiki. Miaka 40 baadaye zikawa kadhafi wa angani kwa ajili ya Bunia.

Namna gani wanafanya? Kwa Wafaransa wa wakati ule, ndege kubwa inateremsha nyuma yake mkono mrefu wa chuma, na kwenye ncha ya mkono kuna mpira mfupi wenye kikapu mwishoni, mfano wa funeli. Mirage ina mrija umesimama mbele ya kioo cha rubani. Rubani anakuja kutoka nyuma, chini kidogo, polepole, apate kuchomeka mrija ndani ya kikapu. Ndege zote ziko mbio sana, lakini mwendo wa kukaribiana kwao ni kama wa mtu anayetembea kwa mguu. Akija taratibu kupita kiasi, mrija haushiki. Akija kwa nguvu, mpira unajikunja kama nyoka na kikapu kinaweza kupiga kioo ao kukata mrija.

Na kikapu hakitulii. Hewa inayosukumwa na pua ya ndege inayokuja inakifukuza pembeni saa ile ile unapotaka kukishika. Ndiyo sababu marubani wanafundishwa wasikitazame kikapu. Wanatazama alama za ile ndege kubwa na kuacha mkono ujue wenyewe. Mchimbaji aliyewahi kupokea ndoo ya kamba akiwa kwenye giza ataelewa.

Halafu mrija ukiisha kushika, kazi haijaisha. Kila dakika ndege ndogo inakuwa nzito, inataka kushuka; ile kubwa inakuwa nyepesi, inataka kupanda. Lazima mmoja aongeze nguvu ya injini kidogo kidogo, mwingine apunguze, bila kuachana, bila kugongana. Mafuta yakimwagika yanafunika kioo. Usiku yote haya yanafanyika kwa taa ndogo tu.

Weka sasa na hali ya hewa ya kwetu. Mawingu ya radi juu ya msitu wa Ituri yanaweza kupanda kilometa 15 na zaidi. Hakuna C-135 yenye mzigo wa mafuta ya kuyaruka. Ndani yake ndege inatikiswa kama moto kwenye mashimo ya barabara ya Manguredjipa. Huwezi kuchomeka mrija pale. Lazima kutafuta mahali penye utulivu, na kutafuta ni kula mafuta.

Hapa njo kwenye shida kubwa, ile ambayo sinema hazionyeshi. Rubani hangoji tangi likauke ndipo atafute kikapu. Anakwenda kunywa mapema, akiwa bado na mafuta ya kumfikisha kwenye pisti fulani. Sababu, mrija ukivunjika ao ile ndege kubwa ikipata hitilafu, lazima atue mahali. Na juu ya msitu wetu, mahali hapo ni wapi? Entebbe. Kisangani, Bangboka, penye pisti ndefu. Kisha unahesabu kwa vidole. Kila anayekwenda kunywa juu ya Kongo anabeba kichwani jina la kiwanja cha kukimbilia, na siku kiwanja hicho kimefunikwa na mvua, safari inakufa.

Waingereza waliiona hesabu hii ikiwageukia mwaka 1982, katika vita vyao na Argentina kwa sababu ya visiwa vya Falkland. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa tano walitaka kupiga pisti ya Port Stanley. Ndege yao, Vulcan, ilitoka kisiwa cha Ascension, zaidi ya kilometa 6.000 kutoka pale. Ili ndege moja ifike, ziliruka ndege 11 za mafuta aina ya Victor. Nyingine zilinywesha Vulcan, nyingine zilinywesha zile Victor zilizokuwa zikiinywesha Vulcan. Ni kama kutuma moto 11 ziende machimboni ili bidoni moja ifike, kwa sababu moto zenyewe zinakula esanse njiani.

Karibu na mwisho, katikati ya radi, Victor iliyopangwa kwenda mbele zaidi ikavunjika mrija wakati wa kunywa. Bob Tuxford, rubani wa ile iliyokuwa ikiinywesha, akabadilishana nayo kazi palepale: akarudisha mafuta kwake, akaendelea yeye. Alipoipa Vulcan kinywaji cha mwisho, hakubaki na mafuta ya kumfikisha Ascension. Angeishia baharini. Na hakuweza kuita msaada kwa redio, maana adui angesikia. Yeye na watu wake walinyamaza mpaka habari ya bomu ilipofika, ndipo wakaomba ndege nyingine ije kuwapokea. Ilikuja. Vulcan iliangusha mabomu 21. Moja tu ndilo lililopiga pisti yenyewe. Mimi nasema kama kuna aliyestahili kuimbiwa usiku ule, ni yule mbeba bidoni.

Wengine hawakuwa na bahati. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1966, juu ya Palomares huko Hispania, ndege ya Marekani ya B-52 iligongana na ndege ya mafuta ya KC-135 wakati wa kunywa. Watu wanne wa ndege ya mafuta walikufa wote, na watatu kati ya saba wa B-52. Mabomu manne ya nyuklia yalianguka, matatu ardhini, moja baharini. Hakuna lililolipuka kinyuklia, lakini mawili yalipasuka na kumwaga plutoni kwenye mashamba ya watu. Lile la baharini lilitafutwa siku karibu 80. Sisi watu wa machimbo tuna sababu ya kusikiliza hadithi hiyo: zama za mabomu hayo zilianza na urani ya Shinkolobwe, Katanga, iliyotumika kwa wingi katika bomu la Hiroshima. Na hata leo tantali inayotoka katika koltani inachanganywa na metali nyingine kwa kutengeneza mabapa ya injini za ndege, yavumilie moto. Huenda jiwe la Kivu liliwahi kuruka juu ya Kivu, bila aliyelichimba kujua.

Na Kadhafi mwenyewe? Wauza esanse wa kando ya barabara tumewapa jina lake kwa ajili ya petroli ya Libya. Kumbe naye miaka ya 1980 alitafuta ufundi huu, akisaidiwa na mafundi kutoka Ujerumani ya Magharibi, ili ndege zake zifike mbali. Habari ilipotoka, ikawa kelele kubwa Ulaya. Petroli alikuwa nayo. Kilichomsumbua ni kuipandisha juu.

Tunarudi nyumbani. Su-25 za jeshi letu, FARDC, hazina mrija wa kunywea hewani. Zinakwenda na mafuta ya kuondokea, na zinarudi nayo hayo hayo. Uganda, iliyopiga kambi za ADF kwa ndege na mizinga tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021, haikuhitaji shida ya kikapu: Entebbe mpaka Beni, kwa mstari, ni kama kilometa 330 tu.

Kwa hiyo mtu wa Oicha ao Mbau akisikia ndege inapita juu ya msitu, inazunguka mara mbili, halafu inapotea wakati waaskari wa chini bado wanapigana, asikimbilie kusema rubani ameogopa ao ameuzwa. Maneno hayo tumeyasikia sana, na yamewachoma watu wengi. Mara nyingi ni sindano ya mafuta imefika kwenye alama nyekundu. Ndege ya mafuta kwa jeshi la kwetu ni ndoto ya pesa nyingi. Afrika nzima wenye nazo wanahesabika, Algeria na Morocco ndani yao. Kilicho karibu zaidi ni Mavivi: pisti nzima, tangi lililojaa, na lori la kerozeni kutoka Kasindi ambalo mvua haijalikwamisha njiani. Ndege ikinywa pale, inarudi juu ya msitu mapema, kabla giza halijaingia.