Jasho Linalooza Njiani: Upotevu wa Matunda Baada ya Mavuno Mkoani Songwe

Katika masomo ya siasa tumezoea kuanza habari ya kilimo shambani na kuimalizia huko huko shambani. Tunazungumza juu ya ardhi, jembe, samadi, mbegu bora na idadi ya ekari. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya katikati ya miaka ya 1970 ilihimizwa hivyo, na hata leo kiongozi wa kata akiulizwa maendeleo ya wakulima wake hujibu kwa kutaja idadi ya miche iliyopandwa. Makala haya yanakusudia kueleza yale yanayotokea baada ya hapo, yaani kati ya mkono wa mchumaji na mdomo wa mlaji wa nchi ya mbali, na kwa nini mambo hayo ni ya siasa wala si ya mabwana shamba peke yao.

Tunda linapooza njiani huwa limekwisha kula kila kitu kilichowekwa ndani yake: miaka mitatu au minne ya kungojea mti uliobebeshwa uanze kuzaa, samadi iliyobebwa kichwani, maji ya kiangazi, na siku za kazi ambazo mama mwenye shamba angeweza kuzitumia kwenye mahindi. Hakuna hata gharama moja inayookolewa tunda likioza. Kinachopotea ni malipo. Kwa hiyo kilo moja iliyookolewa baada ya mavuno haifanani na kilo moja ya ziada inayotafutwa shambani, maana ya kwanza imekwisha kulipiwa kwa jasho.

Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka la rejareja, na kwamba kwa matunda na mboga hasara hupita kiwango hicho. Huko Malabo mwaka 2014 wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wameahidi kupunguza upotevu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2025. Tanzania nayo ina Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao Baada ya Kuvuna wa mwaka 2019 hadi 2029. Nyaraka, basi, hazikosekani. Lililobaki ni kuelewa hasara inazaliwa wapi, na nani anaibeba.

Tunda linaishi kwa akiba

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na wilaya yake ya Mbozi ni ya kahawa tangu zamani. Miaka ya karibuni parachichi aina ya Hass limeingia Mbozi kama lilivyoingia Rungwe na Njombe, kwa sababu soko lake limepanuka. Kwa muda mrefu soko kubwa lilikuwa Ulaya, na sehemu ya matunda ya Nyanda za Juu Kusini imekuwa ikipitia bandari ya Mombasa. Baadaye milango ya India na Afrika Kusini ilifunguliwa, na Novemba 2022 itifaki ya kuuza parachichi China ilitiwa saini Beijing. Mkulima wa kahawa anapohamia kwenye tunda hili huja na ujuzi wake wote, na hapo ndipo penye mtego.

Buni iliyoiva hujitangaza yenyewe kwa wekundu. Hata mtoto anaweza kuagizwa kuchuma nyekundu na kuacha kijani. Parachichi la Hass haliivi mtini. Hukomaa mtini, lakini kulainika huanza baada ya kukatwa, na ndipo ganda hugeuka kuwa la zambarau nyeusi. Likiwa mtini, lililokomaa na changa yote ni ya kijani, na ukubwa wake hudanganya. Tofauti imo ndani: kadiri linavyokomaa, mafuta huongezeka na maji hupungua. Tunda changa likichumwa haliivi vizuri. Hunywea, nyama yake huwa kama mpira, na mlaji aliyelinunua mara moja harudi tena.

Kipimo chake si cha siri. Chukua nyama ya tunda gramu 10, ikate vipande vyembamba, ipime kwa mizani ndogo, ikaushe katika joto la wastani mpaka uzito usipungue tena, kisha upime upya. Zikibaki gramu 2.3, ukavu ni asilimia 23. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa Hass ni asilimia 21, na wanunuzi wengi hudai 23 au zaidi. Mizani, kisu na jiko dogo la umeme vinatosha kwa kijiji kizima. Jambo la kushangaza ni kwamba katika vikundi vingi nilivyovitembelea kipimo hiki kinafahamika kwa mnunuzi tu, na mwenye mti huambiwa matokeo.

Tangu kikonyo kinapokatwa, tunda huishi kwa akiba. Halipati tena chakula kutoka kwenye mti, lakini linaendelea kupumua, kutoa joto, na kutoa hewa iitwayo ethilini ambayo huliivisha lenyewe na majirani zake. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za sentigredi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Maana yake ni kwamba kreti iliyoachwa juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri imekwisha kutumia siku kadhaa za safari ya baharini, ingawa kwa macho haijabadilika kitu. Hass huhifadhiwa kwenye nyuzi 5 hadi 7. Likizidishiwa baridi nyama huwa ya kijivu. Likipungukiwa, huiva melini. Ndizi zinataka nyuzi 13 au 14, kwa hiyo haziwezi kulala nalo chumba kimoja, na lori lenye ndizi mbivu pamoja na parachichi ni lori lililobeba mwivishaji na mwivishwaji.

Mwaka juzi, katika darasa la makada wilayani Mbozi, nilileta maparachichi kumi yaliyokatwa asubuhi ile kutoka mti mmoja. Matano tuliyaweka juu ya bati, matano chini ya mti tukayafunika kwa majani. Jioni wanafunzi walisema yote ni sawa. Tuliyaacha katika ofisi ya kata, na darasa lilipokutana tena wiki iliyofuata matano ya bati yalikuwa yamelainika, mawili yakiwa na weusi kwenye shina la kikonyo, wakati yale mengine bado yalikuwa magumu. Sikuhitaji kuhutubia.

Weusi ule una historia yake. Tunda likivutwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, panabaki kidonda, na vimelea vya ukungu huingia. Ugonjwa wa chule nao ni ndugu wa karibu wa ile chulebuni ambayo wakulima wa kahawa wanaijua sana. Huingia tunda likiwa mtini, hulala kimya, na huamka tunda likianza kuiva. Kuchuma wakati wa mvua au umande humsaidia adui huyo, na kiroba humsaidia zaidi, maana matunda hupondana ndani yake na hakuna anayeliona jeraha mpaka ngozi iishe ugumu.

Kosa dogo la shambani lilikuwa likisamehewa pale ambapo safari ilikuwa fupi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Ulaya ikaongezeka kwa kiasi cha siku 10 hadi 14. Vita vya mbali, basi, vilikuja kukaa ndani ya kreti ya mkulima wa Mbozi. Siku nne alizozipoteza chini ya jua, ambazo zamani zilimezwa na baridi ya melini, sasa zinafika sokoni zikiwa tunda laini lisilonunuliwa.

Mlango wa Tunduma

Njia nyingine ya matunda ya mkoa huu haielekei bandarini, inaelekea kusini. Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ni mji ambao barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vinapita kuingia Nakonde, Zambia. Ndizi, parachichi, nanasi na machungwa hupita hapo pamoja na mafuta, saruji na malori ya shaba yanayotoka Zambia na Kongo. Lori la shaba likisimama siku tatu, mwenye nalo hupata hasara ya muda, lakini shaba hubaki shaba. Lori la ndizi likisimama siku tatu, kinachofika si ndizi zile zilizopakiwa. Foleni moja, hati zile zile, ila mzigo mmoja unakufa na mwingine haufi. Kuwapanga katika mstari mmoja kwa jina la usawa ni kutoelewa usawa.

Kwa matunda yanayosafiri katika kontena la ubaridi, hatari ni ya namna nyingine. Ubaridi huo hutegemea mtambo unaokula dizeli, na foleni ikirefuka kishawishi cha kuuzima ili kubana mafuta ni kikubwa. Kifaa kidogo cha kurekodi joto kikiwekwa kati ya makasha huonyesha saa ngapi mtambo ulizimwa. Bila kifaa hicho, tunda likifika bovu, lawama hurudi nyuma kando ya barabara yote mpaka imkute yule asiye na karatasi ya kujitetea, naye ni mkulima.

Aidha kuna ukaguzi wa afya ya mimea. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayotoa cheti kinachoiambia nchi nyingine kwamba mzigo hauna wadudu waharibifu. Baadhi ya makada huona cheti hicho kama usumbufu wa urasimu. Inafaa ikumbukwe kwamba inzi wa matunda mwenye asili ya Asia alionekana kwanza Afrika nchini Kenya mwaka 2003 na akaenea upesi, na kwamba buu mmoja katika kasha moja aweza kufunga soko la nchi nzima, pamoja na la mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa.

Milango hufungwa pia kwa sababu zisizo za wadudu. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa za nje, zikiwamo mchele, tangawizi na ndizi. Aprili mwaka huo Tanzania ilijibu kwa kupiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na pia Afrika Kusini, iliyokuwa imezuia ndizi zetu. Siku chache baadaye katazo liliondolewa ili mazungumzo yaendelee. Sina nia ya kupima hapa nani alikuwa na haki. Nataka msomaji aone kwamba mazungumzo ya serikali yana kalenda yake, na ndizi inayo ya kwake.

Yaliyokataliwa ni mali ya nani?

Swali hilo sikulitunga. Aliliuliza mzee mmoja katika darasa lile, baada ya kunyamaza muda mrefu. Alinionyesha karatasi. Mnunuzi mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa amechukua matunda yake kwa lori, na wiki mbili baadaye ikaja karatasi kwamba zaidi ya theluthi yamekataliwa na hayalipwi. Hakuyaona yakichambuliwa. Hakurudishiwa. "Mwalimu," akasema, "kama ni mabovu, mbona hayakurudi? Na kama yaliuzwa, hela yake iko wapi?"

Hapa ndipo elimu ya chule na nyuzi za sentigredi inapokutana na elimu ya siasa. Tunda huharibika mikononi mwa wengi: mchumaji, mpakiaji, dereva, mwenye chumba cha ubaridi, mkaguzi, nahodha. Lakini kwa mtindo wa kulipa baada ya uchambuzi wa mbali, hasara yote hushuka kwa mtu wa kwanza katika mnyororo. Matokeo yake si dhuluma tu, ni uharibifu zaidi. Asiyelipia uharibifu hana sababu ya kuuzuia: mnunuzi anayeharakisha kuchuma kabla ya ukomavu ili awahi bei ya mwanzo wa msimu hapotezi kitu, na anayeleta viroba, tena vya lumbesa, badala ya kreti hapotezi kitu. Mkulima naye, akijua kwamba theluthi itakatwa hata akifanya vizuri, huacha kufanya vizuri. Nimewasikia wenzangu wakiita jambo hili uvivu wa wakulima. Ni hesabu tu.

Kenya imeonyesha upande mmoja wa dawa. Kwa miaka kadhaa sasa mamlaka yake ya kilimo imekuwa ikifunga usafirishaji wa Hass kwa bahari mwishoni mwa mwaka, na kuufungua baada ya kupima ukomavu eneo kwa eneo. Wafanyabiashara hulalamika, lakini jina la tunda hulindwa. Upande wa pili hauwezi kuletwa na amri ya serikali peke yake. Chama cha ushirika cha msingi chenye mizani yake, kibanda chenye kivuli, na daftari linaloandika saa ya kuchuma, saa ya kupakia na ukavu wa kila shamba, huweza kudai uchambuzi ufanyike mbele ya mwenye mali, hapo hapo, kabla lori halijaondoka. Baada ya hapo tunda ni la mnunuzi, pamoja na hatari zake.

Msimu uliofuata kikundi cha mzee yule kilijaribu. Walinunua mizani na mikasi, wakakubaliana kwamba hakuna parachichi litakaloingia kwenye kiroba. Lori lilikuja na viroba, kama kawaida. Wakakataa kupakia, na lori likaondoka tupu kuelekea Mlowo. Vijana wawili walisema wazee wamewaponza, na usiku ule baadhi ya kina mama waliuza ndoo kadhaa kwa wachuuzi ili wapate hela ya dawa. Siku ya tatu lori lilirudi, nusu likiwa na kreti na nusu viroba, na kikundi kikakaa chini ya kibanda mpaka jua lilipoinama kubishana juu ya ile nusu nyingine.