Uvundo Baada ya Mvujo: Kausha Kwanza, Rangi Baadaye

Bati lililotoboka, bomba lililopasuka ndani ya ukuta au simtanki lililofurika usiku kucha huacha madhara ya namna mbili nyumbani. Ya kwanza huonekana siku ileile: dimbwi sakafuni, doa la kahawia darini, godoro lililo chepechepe. Ya pili huja kimyakimya baada ya siku mbili tatu, nayo ni uvundo. Wakazi wengi hupambana na uvundo huo kwa udi, kwa manukato ya dukani au kwa kopo la rangi. Jioni hupungua, asubuhi umerejea.

Hurejea kwa sababu chanzo chake kingali hai. Mbegu za kuvu zimo katika hewa ya kila nyumba, nazo hukaa bila kudhuru hadi zipate unyevu na kitu cha kula: mbao, mianzi ya paa, karatasi, nguo, hata vumbi lililoganda ukutani. Zikivipata, huweza kuanza kumea ndani ya saa 24 hadi 48. Harufu tunayoisikia ni ya hewa ambazo kuvu huzitoa inapokua. Kwa hiyo uvundo ni taarifa kwamba mahali fulani pangali na maji, nyuma ya kabati, juu ya dari au chini ya lipu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likiuhusisha na pumu, kikohozi na maradhi mengine ya njia ya hewa. Mtoto anayekohoa kila alalapo katika chumba kimoja asipewe dawa tu. Chumba nacho kichunguzwe.

Kabla ya kuchota maji, zima swichi kuu ya umeme. Ikiwa swichi yenyewe imelowa, au umesimama ndani ya maji, usiiguse. Toka nje, kisha wapigie TANESCO.

Halafu utazame ukuta. Nyumba nyingi katika kata zetu ni za udongo, au za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo na kupakwa lipu ya saruji kwa nje. Udongo hubeba paa maadamu ni mkavu. Ukilowa kitakoni kwa siku kadhaa hulegea, na ukuta unaweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika. Ukiona ufa mpya, ukuta uliofura au kuinama, ama mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, watoe watu wote humo usiku huohuo na umjulishe Mtendaji wa Kijiji. Vyombo vitafuata ukuta ukishakaguliwa.

Kukausha pasipo kuziba chanzo ni kazi bure. Kwa bati, panda na ukague matundu ya misumari na maungio. Mara nyingi doa la darini huwa mbali na tundu lenyewe, kwa kuwa maji hufuata boriti kabla ya kudondoka. Kwa bomba, funga koki zote, andika tarakimu za dira ya maji, ngoja saa moja pasipo mtu yeyote kutumia maji, kisha usome tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, maji yanavuja kati ya dira na nyumba au ndani ya nyumba yenyewe, na matengenezo ya upande huo ni ya mteja. Mvujo ulio kabla ya dira ni wa mamlaka inayokuhudumia.

Kukausha kwenyewe kunataka hewa inayopita. Toa nje kila kilicholowa, sogeza makabati na vitanda mbali na ukuta angalau kwa upana wa kiganja, fungua madirisha yanayotazamana. Katika miezi ya masika hewa ya usiku imejaa unyevu, hivyo fungua jua linapowaka na ufunge jioni. Ukuta mnene wa udongo huweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Ili kuupima, bandika kipande cha plastiki juu yake kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku nzima; matone yakitokea upande wa ndani, bado.

Hapa wengine huwasha jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili joto likaushe haraka. Tunasihi jambo hili lisifanyike. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Mkaa usiowashwa, kinyume chake, ni msaada mzuri: vipande vichache ndani ya kopo lililo wazi, vikiwekwa kabatini, hufyonza harufu inayobaki.

Ukuta ukishakauka, kuvu iliyo juu ya saruji au vigae isuguliwe kwa sabuni, kisha ipanguswe kwa dawa ya klorini ya kufulia, isiyozidi robo lita katika lita nne za maji, madirisha yakiwa wazi na mikono imevaa glavu. Dawa hiyo kamwe isichanganywe na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Juu ya udongo klorini haifai kitu. Kwangua tabaka lililoota kuvu, kandika upya, kisha paka chokaa. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta na lipu nzito ya saruji juu ya udongo wenye unyevu hufungia maji ndani, na baada ya miezi michache lipu hubanduka kwa vipande vikubwa. Fedha hiyo imepotea.

Godoro la sponji lililolowa maji safi likamuliwe na kusimamishwa juani siku kadhaa, likigeuzwa. La sufi lifumuliwe, sufi ianikwe na kuchambuliwa. Lililolowa maji ya choo litupwe, hata kama ni jipya. Dari ya jipsamu iliyolegea nayo haiponi.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, mara nyingi iko katika magunia. Mvua za kwanza hukuta korosho zingali nyumbani zikisubiri kupelekwa AMCOS. Gunia lililolowa lifunguliwe siku hiyohiyo, korosho zianikwe juu ya turubai, wala zisichanganywe na zile kavu, maana chache zilizoharibika zitashusha daraja la mzigo wote. Mahindi, karanga na njugumawe zilizoota kuvu ni habari nyingine kabisa. Kuvu yake huweza kutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, na kuwapa kuku au mbuzi nafaka hiyo si suluhisho. Magunia mapya yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mvujo wa bomba la barabarani au la mtaani utolewe taarifa kwa MANAWASA, au kwa Chombo cha Watumia Maji cha kijiji chini ya RUWASA, kulingana na anayekuletea ankara. Taja kijiji, kitongoji na alama iliyo karibu, kama shule au zahanati. Kwa choo kilichofurika au nafaka inayotiliwa shaka, muone Afisa Afya wa Kata. Nafaka hiyo iweke kando, usiitupe wala kuigawa kabla hajaiona.