Hitilafu inayojirudia katika programu za aljebra

Hitilafu inayojirudia ni kosa la programu ya kompyuta ambalo liliwahi kusahihishwa, kisha likatokea tena baada ya sehemu fulani ya programu kubadilishwa. Katika programu za aljebra kosa la namna hii ni la hatari zaidi, kwa sababu mara nyingi programu haisimami wala haitoi onyo. Inatoa jibu linaloonekana safi, lakini si la kweli.

Programu za aljebra

Kikokotoo cha kawaida hushughulika na namba tu. Programu ya aljebra hushughulika pia na herufi na alama, kama mwanafunzi afanyavyo katika daftari lake: hufungua mabano, hutafuta vigawo, hutatua milinganyo na kukokotoa eneo chini ya grafu. Mojawapo ya programu za kwanza ilikuwa Macsyma, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Kutokana nayo ilipatikana Maxima, ambayo ni programu huria. SageMath ilianzishwa na William Stein mwaka 2005. GeoGebra, inayotumiwa na walimu wa sekondari katika nchi nyingi, nayo ina sehemu ya aljebra.

Katika Afrika, programu huria za aina hii zimetumika kufundishia katika AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Cape Town mwaka 2003 na kufungua kituo Bagamoyo, Tanzania, mwaka 2014. Programu huria haina ada ya leseni, na mtumiaji anaruhusiwa kusoma msimbo wake na kuusahihisha.

Mfano wa kosa

Wanafunzi wengi huandika kwamba √(x²) = x. Kama x ni 5, hakuna tatizo: kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Lakini kama x ni −5, mraba wake ni 25 vilevile, na kipeuo chake cha pili ni 5, si −5.

Tuchukulie barabara iliyonyooka huko Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa. Kituo cha basi ni sifuri, upande wa mashariki ni chanya na upande wa magharibi ni hasi. Mtu aliye mita 300 magharibi ya kituo yuko mahali ambapo x = −300. Umbali wake kutoka kituoni ni √(x²), yaani mita 300. Programu inayofuata kanuni √(x²) = x itasema umbali ni mita −300, jambo lisilowezekana.

Hapo kosa linaonekana kwa macho. Ndani ya hesabu ndefu hujificha. Eneo chini ya grafu ya √(x²) kuanzia −1 hadi 1 ni pembetatu mbili, kila moja yenye eneo la nusu, kwa hiyo jumla ni 1. Kwa kanuni mbovu jibu linakuwa 0, na asiyechora grafu anaweza kuliamini.

Kwa nini hurudi

* Kanuni moja huandikwa mahali pengi. Ikisahihishwa katika sehemu ya kurahisisha, huenda sehemu ya kukokotoa eneo bado ina kanuni ya zamani.
* Watengenezaji hubadilika. Mgeni huona hatua fulani ya ukaguzi inachelewesha programu, akaiondoa bila kujua iliwekwa kwa sababu gani.
* Hisabati yenyewe ina mipaka. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa aina fulani za semi za hisabati hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kila mara kama semi ni sawa na sifuri. Kwa hiyo programu hulazimika kutumia mbinu za kukisia, na kila mbinu mpya inaweza kuleta tena kosa la zamani.

Hatua za kusahihisha

Kwanza, kosa hupunguzwa hadi mfano mdogo kabisa unaolionyesha. Hesabu ya kurasa tatu hubaki mstari mmoja.

Pili, hutafutwa badiliko lililolileta. Programu Git, inayotunza historia ya msimbo, huwezesha kugawa historia hiyo nusu kwa nusu: toleo la katikati likiwa zima, kosa limeingia baadaye, likiwa bovu, limeingia kabla. Kwa njia hii mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio 10 hivi tu, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024.

Tatu, husahihishwa chanzo, si jibu moja. Katika mfano wetu, programu inapaswa kujua x ni namba ya aina gani. Kwa kawaida Maxima hujibu |x|, yaani ukubwa wa namba bila alama ya kutoa. SymPy huacha √(x²) ilivyo mpaka iambiwe, kwa mfano, kwamba x ni chanya.

Nne, mfano ule mdogo huhifadhiwa pamoja na jibu sahihi, ili ujaribiwe upya kila msimbo unapobadilishwa. Maxima ina mafaili ya majaribio hayo, na katika SageMath mifano iliyomo katika maelezo ya programu huendeshwa kama majaribio. Hatua hii ikiachwa, kinachozuia kosa kurudi ni kumbukumbu ya mtu tu.

Tahadhari kwa mtumiaji

Jibu la programu hukaguliwa kwa kuweka namba mahali pa herufi: moja chanya, moja hasi, na sifuri. Semi (x² − 1)/(x − 1) hurahisishwa kuwa x + 1, lakini x ikiwa 1 semi ya mwanzo haina thamani, kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri. Majibu yakitofautiana, hurudiwa hesabu kwa mkono kabla ya kuamini kompyuta.